Marehemu wa Redio Kol

Kama ulikuwa Newala miaka ile biashara ya korosho ilipoachiwa wanunuzi binafsi, basi sauti ya Anastasia uliijua hata kama sura yake hukuwahi kuiona. Ukipita mbele ya ghala la Abdulkadiri, iwe asubuhi, iwe mchana wa jua kali, ulimsikia dirishani: "Makote, Makote, hapa Newala, unanipata? Ova." Kisha redio inakwaruza, kisha yeye tena. Watu wa mtaa ule walimzoea hata wakaacha kugeuza shingo.

Haikuwa kazi ya kubeba magunia, ndiyo maana wengi waliiona lelemama. Kukaa kitini na kuongea, nani asingependa? Lakini kampuni ilikuwa na vituo vya kununulia Makote, Tandahimba na Masasi, na simu za waya zilikuwa za kubahatisha, kwa hiyo kila jambo lilipita kwenye redio kol. Lori limekwama wapi, magunia yamekwisha kituo gani, mvua imenyesha wapi na korosho zianikwe upya. Aliyekaa mezani Newala ndiye aliyepokea yote na kuyagawa. Akikosea neno moja, lori linapanda Tandahimba kumbe linasubiriwa Makote, na bosi anafoka mpaka kofia inamvuka.

Zamani walikuwa wawili kwenye kiti kile. Mwenzake, Naima, alipoondoka kwenda kujifungua, Abdulkadiri alimwuliza Anastasia, "Mama Flora, nikutafutie mtu?" Naye akajibu upesi, kabla hata ya kufikiri, "Hakuna haja, mzee. Nitaweza." Abdulkadiri hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka. Ukimwambia utaweza, yeye ameshageukia jambo jingine.

Tusimwonee Anastasia kwa jibu lile. Kabla ya hapo alikuwa mpokea simu katika kiwanda kimoja cha umma. Wakati ule wa kupunguza wafanyakazi aliomba ruhusa akamwuguze mwanawe Flora, aliyekuwa na surua. Aliporudi alikuta kiti chake hakipo. Hakikukaliwa na mtu mwingine. Kiti chenyewe kilikuwa kimeondolewa, na meza imesukumwa ukutani. Alikaa nyumbani muda mrefu akimenya mihogo na kuwaza. Tangu siku hiyo aliamini jambo moja tu: ukiinuka, umekwisha.

Basi hakuinuka. Chakula alikila pale pale mezani, kimeshapoa, mkono mmoja kwenye sahani na mwingine kwenye maiki. Maji alijinyima ili asiende chooni mara kwa mara. Jumapili alikwenda misa ya kwanza akatoka mbio kabla ya matangazo, na siku moja kanisa zima lilimsikia akimalizia Baba Yetu kwa kusema "Amina, ova." Watoto walicheka wakashindwa kujizuia. Yeye hakucheka, hakuwa hata amejisikia.

Flora aliishi Lukuledi kwa bibi yake mzaa mama, kwa sababu baba yake alishaoa kwingine na mama yake alikuwa na redio. Misheni ya Lukuledi nayo ilikuwa na redio kol, na katekista Alfredi aliyeikalia alikuwa na moyo mzuri. Kila Jumamosi aliingia kwenye mawimbi ya kampuni kwa hisani tu na kusema, "Newala, hapa Lukuledi. Flora mzima. Ova." Hivyo ndivyo Anastasia alivyomlea mwanawe.

Mwaka ule Flora alipata komunyo ya kwanza. Anastasia alinunua kitambaa cheupe, akamshonesha gauni lenye mikono ya puto, akalituma na dereva, na kuahidi kwamba siku yenyewe atakuwa benchi la mbele. Siku ilipofika, malori yalikuwa yamejipanga mpaka barabarani. Akamwomba Alfredi amlete mtoto kwenye redio walau ampe hongera. "Flora, mwanangu, hongera sana. Umependeza? Ova." Hakukuja jibu. Alisikia mkwaruzo tu, kwa muda mrefu. Alfredi akaja kusema mtoto hajui kubonyeza kitufe, ova. Anastasia akakubali maelezo hayo, kwa kuwa yalimfaa.

Aliyekuwa akiyaona haya yote kwa karibu ni Gervas, mpima mizani wa ghala, Mngoni aliyehamia kutoka Songea. Anastasia alikuwa Mmakua, na Mngoni na Mmakua, kama ujuavyo, ni watani. Babu zao walipigana, na wajukuu wakabaki na ruhusa ya kutukanana bila kununiana. Gervas aliitumia ruhusa hiyo vizuri sana. Kila asubuhi aliingiza kichwa dirishani.

"Mmakua, hata panya hujala leo? Mbona mashavu yameingia ndani?"

"Toka hapa, Mngoni. Nenda kaibe ng'ombe wa watu."

Ndivyo walivyosalimiana. Lakini siku zilivyokwenda majibu ya Anastasia yalipungua, yakawa neno moja, yakawa mkono wa kumfukuza nzi. Siku moja Gervas aliacha utani kabisa, akavua kofia na kusema, "Mama Flora, mwambie bosi akuletee mtu. Utaanguka." Anastasia alimkazia macho mekundu. "Unataka kiti changu, siyo?" Gervas akavaa kofia akaondoka. Iliuma, kwa sababu maneno yale hayakuwa na utani ndani yake.

Sasa sikiliza lililotokea. Ilikuwa siku ya kazi, jua limeshapanda, vituo vyote vimetulia kwa bahati. Anastasia aliinamisha kichwa mezani, akijiambia anapumzisha macho tu. Gervas alipokuja na karatasi ya mizani alimwita, hakuitika. Akamgusa bega, hakuitika. Akaweka kiganja puani akasikia pumzi, nzito, ya mtu aliyelala usingizi wa wiki nyingi. Moyo wa Gervas ulikuwa umeshaanza kwenda mbio. Ulipotulia, ukaleta wazo.

Aliwaita wapakiaji. Wakaleta mkeka wakautandika chini, wakambeba Anastasia taratibu wakamlaza, wakamfunika kanga mpaka kifuani. Hakuzinduka. Gervas akachukua kitambaa cha kichwa cha Anastasia kilichokuwa kwenye msumari, akajifunga, akakaa kwenye kile kiti, akabana sauti puani: "Makote, Makote, sili, sinywi, sikojoi, unanipata? Ova." Wapakiaji waliangukiana kwa kicheko. Hivyo ndivyo mtani anavyofanya msibani: huvaa nguo za marehemu, huiga sauti yake, huwachekesha waliofiwa mpaka wakumbuke kula. Gervas alikuwa amemwekea mtani wake msiba mapema, ili akizinduka ajione alivyo, na asiweze kukasirika, maana kwa mtani hukasiriki. Mpaka hapo halikuwa wazo baya.

Tatizo redio ikaita.

"Newala, Newala, hapa Makote. Ova." Alikuwa Faruku, karani wa kule.

Gervas, kitambaa kichwani na kicheko bado kooni, akabonyeza maiki. Akaweka sauti ya msibani. "Makote, hapa Newala. Mama Flora hatunaye tena. Tuko hapa watani wake tunamlaza. Ova."

Akaachia kitufe akisubiri matusi. Kwa mtu aliyeona kile kitambaa na wale wapakiaji wanaolia kwa kucheka, jambo lilikuwa wazi. Lakini redio haionyeshi kitambaa. Ilibeba maneno tu, ikayatawanya Makote, Tandahimba, Masasi, na Lukuledi kwa katekista Alfredi.

Kisha Faruku, polepole: "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Poleni sana. Kazi ile ilikuwa inammaliza. Ova."

Wapakiaji waliacha kucheka. Gervas akabonyeza kitufe ili aseme ni utani, lakini Tandahimba walikuwa wameshaingia, na redio kol ndivyo ilivyo, mmoja akiongea mwingine hasikiki. "Tumepata habari. Wiki iliyopita nilimwambia mwenzangu Swalehe, huyu dada hamalizi msimu. Mungu amweke pema. Ova." Gervas akabonyeza tena. Akakutana na sauti nzito iliyotoka Masasi, ya Abdulkadiri mwenyewe.

Ni sauti hiyo iliyomzindua Anastasia. Miaka yote mwili wake ulikuwa umefundishwa kuamka kwa sauti ya bosi. Alifungua macho akaona dari, akajihisi mkeka mgongoni, akamwona Gervas amevaa kitambaa chake na kijasho kinamtiririka. Kabla hajauliza kitu, redio ilisema.

"Nimesikia. Innalillahi. Gervas, nani yuko mezani? Malori matatu yako njiani. Tandahimba, mchukue Swalehe, apande gari la kwanza aje Newala akae kwenye redio. Leo leo. Mambo ya mazishi tutazungumza. Ova."

"Swalehe anakuja. Ova," wakajibu Tandahimba.

Ikawa imekwisha. Kiti alichokilinda kwa njaa, kwa kiu na kwa komunyo ya mwanawe kilikuwa kimepata mtu kabla yeye hajakaa kitako kwenye mkeka. Angeweza kupiga kelele hapo hapo, na natamani angepiga. Lakini alibaki amelala, kanga kifuani, masikio wazi. Alikuwa anasubiri mtu aulize. Mtu akifa ghafla, watu huuliza: alikuwa anaumwa nini? Homa? Presha? Walizungumza wote, wakampa pole Gervas, wakamtaja Mungu kwa dini zote mbili. Hakuna aliyeuliza. Wote walijua.

Machozi yalimtoka kwa pembeni yakaingia masikioni. Katika kusubiri huko ndipo akachelewa.

"Newala, hapa Lukuledi," ilikuwa sauti ya Alfredi, imekatikakatika. "Nimepokea. Nakwenda kwa mama yake sasa hivi, na mtoto nitamtoa shuleni. Ova end auti."

Anastasia aliruka kutoka mkekani. Alimsukuma Gervas atoke kitini, akaidaka maiki. "Lukuledi, Lukuledi, niko hai! Alfredi, usiende! Lukuledi!" Aliita mpaka sauti ikakauka. Alfredi alikuwa ameshazima redio; kutoka Lukuledi ulikuja mkwaruzo tu, ule ule wa siku ya komunyo.

"Mama Flora," Gervas alisema, amepiga magoti, kitambaa bado kichwani, "niue."

"Lori gani linakwenda Masasi?"

"Lipo moja linapakia. Lakini mezani..."

"Mezani pana mtu," alisema Anastasia, na akatoka nje kwenye jua bila kugeuka.

Walipanda wote wawili, kwa sababu Gervas alikataa kubaki. Lori liliteremka uwanda wa Makonde kwa kunung'unika, likapita mikorosho na vumbi lake, likafika Masasi, na hapo wakapata gari jingine la kwenda Lukuledi. Njia nzima Anastasia alikuwa akimwona Flora anaitwa kutoka darasani, anakusanya madaftari, anauliza kuna nini. Kwa yeye na Gervas ilikuwa safari ya kwanza bila tusi hata moja.

Jua lilikuwa limelegea walipofika. Uwanja wa nyumba ya mama yake ulikuwa umejaa: mikeka imetandikwa, wanawake wamejifunga kanga viunoni, sufuria kubwa limeinjikwa. Na kando ya barabara, mbali na watu, alisimama mtoto peke yake, amevaa gauni jeupe lenye mikono ya puto.

Anastasia aliruka kabla gari halijasimama. Flora alimtazama. Hakulia wala hakukimbia. Alipiga goti dogo, kama wanavyofanya watoto kwa wageni, akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba." Akamkumbatia. Mtoto alikubali kukumbatiwa, mikono yake imening'inia.

Huko uwanjani kilizuka kizaazaa. Wengine walikimbilia nyuma ya nyumba wakidhani mzimu, wengine wakapiga vigelegele, na mama yake Anastasia, aliyekuwa amelia tangu mchana mpaka sauti ikawa ya chura, alimshika binti yake usoni, akamminya mashavu, akamnusa. Alipohakikisha ni nyama na damu, akauliza ni nani aliyeleta habari. Gervas akajitokeza. Bibi akatwaa mwiko wa kusongea akamkimbiza kuuzunguka msiba mara kadhaa, na mtani wa watu akakubali kupigwa, akilia "Nihurumie, mama mkwe!" mpaka wazee wakashika mbavu.

"Nyie chekeni," bibi akasema akihema. "Mimi nimeshalia machozi yangu yote. Ugali uko motoni na watu wameshaitwa. Matanga yataendelea, na marehemu atakaa hapo hapo mkekani, afanyiwe kila kitu. Na huyu Mngoni atachota maji."

Watu waliitikia kwa makofi. Anastasia alikalishwa, akanyweshwa uji, akasuguliwa miguu na shangazi zake, mmoja akisikitika waziwazi jinsi nyonga zilivyotokeza. Alicheka. Alikuwa hajasikia kicheko chake mwenyewe kwa muda mrefu. Lakini kazi nayo ina mizizi, kwa maana alipomaliza uji kichwa kilianza kuhesabu malori. Alimwita Gervas kando.

"Asubuhi kuna gari la Masasi?"

"Lipo la alfajiri."

"Tutaondoka nalo. Yule Swalehe hajui vituo. Akishazoea kile kiti, mimi basi."

Gervas alimtazama kwa huzuni. "Mama Flora, leo tu umetoka kufa."

"Utani umekwisha, Gervas. Mimi nina mtoto wa kulisha."

Mtoto mwenyewe alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mkeka, nyuma yao, akikunja na kukunjua pindo la gauni. Anastasia aligeuka akamwona. Ili asionekane alikuwa anapanga kuondoka, alimwuliza jambo la kwanza lililomjia.

"Umependeza, Flora. Nani kakuvalisha gauni la komunyo leo?"

"Nimevaa mwenyewe."

"Kwa nini? Wengine wamevaa kanga za msiba."

Flora aliinamisha kichwa. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Mwalimu Alfredi aliniambia umekufa. Nikamwuliza, sasa mama ataletwa nyumbani? Akasema ndiyo, wakifa wanaletwa nyumbani." Akanyoosha pindo la gauni. "Siku ile hukuliona. Ndiyo nikalivaa, nikakusubiri barabarani."

Anastasia alikuwa mtu wa kujibu vituo vyote, na kituo hiki kimoja kilikuwa kimemwita muda wote huo, naye akasadiki kwamba mtoto hajui kubonyeza kitufe. Kulikuwa na kelele za sufuria na watu, lakini yeye alisikia ule mkwaruzo tu. Ndipo akalia, kilio cha kweli cha msiba, cha mabega na tumbo, na shangazi wote wakamwacha alie. Flora alisogea. Taratibu, mikono iliyokuwa imening'inia ikapanda ikamzunguka shingo.

Alipopata sauti alimwambia Gervas, bila kumwachia mtoto, "Kesho utaondoka peke yako."

"Sawa, Mama Flora."

"Mwambie bosi, Swalehe asiondolewe. Nikirudi tutakaa kwa zamu, mmoja asubuhi, mmoja mchana, na wakati wa kula redio isubiri. Kama hataki hivyo, basi kiti ni cha Swalehe."

"Akiuliza unarudi lini?"

Anastasia alishusha uso, akaweka shavu juu ya kitambaa cheupe cha bega la mwanawe.

"Mwambie marehemu ameletwa nyumbani."

Gervas akachukua ndoo akaenda kuchota maji.